Hapa Halimi Mtu

Kwa aliyenikuta leo katikati ya njia, nisimwache nyuma. Mimi ni Emilia, mjane wa marehemu Elius, na mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri nje kidogo ya Makambako. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nitasema kama nilivyozoea kusema.

Wiki iliyopita simulizi yangu iliishia nikiwa ukingoni mwa mto Lihanje, nyasi zimenifika kiunoni, bwana mmoja aitwaye Joackim akiningojea nimjibu. Bwana huyo ametoka Dar es Salaam. Kazi yake ni kuitafutia kampuni moja eneo la kujenga kiwanda cha kukamua mafuta ya parachichi. Sisi wanakamati wa kitongoji tulimzungusha bonde zima, na mwisho akaniuliza mimi peke yangu, kwa sababu aliambiwa huyu mama neno lake moja.

Akasema, "Mama, hapa kuna anayelima?"

Nikasema, "Hapa halimi mtu."

Ulikuwa mwezi wa tatu. Mto ulikuwa umefurika, bonde limelala chini ya maji na nyasi. Siku ile, saa ile, kweli hapakuwa na anayelima.

Lakini mtu yeyote aliyezaliwa huku anajua habari ya vinyungu. Mvua zikiisha na maji yakishuka, wanawake tunateremka bondeni na majembe, tunageuza nyasi, tunazifukia, tunainua matuta, tunapanda mahindi na njegere kwenye unyevu wa mto. Huku juu kumekauka na upepo wa Makambako unachuna ngozi, kule chini kunakuwa kijani. Mahindi mabichi ya Krismasi yanatoka huko. Mama mkwe wangu alikuwa akisema kinyungu hulala, hakifi.

Bwana Joackim hakulijua hilo. Mimi nililijua, nikanyamaza.

Mlioniandikia mkisema nilidanganywa, asanteni, lakini hapana. Sikudanganywa na mtu. Kilichonifunga mdomo ni mwanangu Ronald. Amesomea umeme chuoni, ana cheti, na kila siku anaosha malori yanayolala Makambako. Nilipoona ile kofia ya plastiki kichwani kwa bwana Joackim, nilimwona Ronald wangu ameivaa.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mwezi wa sita ulipoanza kuleta baridi yake, asubuhi moja wifi yangu Kristina akasimama mlangoni na jembe begani. Kristina ni dada wa marehemu mume wangu. Nyuma yake walisimama wanawake wengine, kila mmoja na jembe lake, mmoja amebeba ndoo ya togwa.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene."

"Leo mgowe ni kwangu. Toka ndani. Mikono yako imelainika kwa kushika kitabu cha nyimbo, sasa itafute sugu."

Wanawake wakacheka. Mgowe ni kazi ya kusaidiana, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anaandaa cha kunywa. Mtu hakatai mgowe ila awe amefiwa. Nikachukua jembe.

Njiani nilikuwa natafuta namna ya kumwambia. Kila nikifungua mdomo, mtu anatia mzaha mwingine.

Lazima niwaeleze Kristina ni nani kwangu. Elius alipofariki, shemeji zangu walisema kinyungu chake ni cha ukoo, mjane hana sehemu. Kristina hakubishana nao. Aliteremka bondeni, akachomeka fimbo katikati ya kinyungu chake mwenyewe, akasema huku ni kwangu, huku ni kwa Ronald. Nusu ile ndiyo iliyotulisha miezi ya njaa, na ndiyo iliyompeleka Ronald chuoni. Alipomaliza masomo nikaing'oa fimbo ile mimi mwenyewe nikamrudishia. Akaniambia ungeiacha tu, fimbo haili.

Tulipofika bondeni tukakuta bikoni za mpaka. Vijiwe vya saruji vimesimikwa kuzunguka eneo lote, vipya, vyeupe. Mmoja wa wanawake akauliza ni vya nini. Mwingine akasema labda ni watu wa umeme. Kristina alitundika kikapu chake juu ya kijiwe kimoja kama mtu anayetundika ukutani kwake.

Kisha akanigeukia. "Wifi, tuombee."

Ni desturi yetu. Jembe la kwanza halishuki mpaka mtu ameomba. Na kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa, mwombaji ni mimi kila mwaka.

Wakainamisha vichwa. Nikaanza, Bwana, uibariki ardhi hii na mikono ya hawa. Ulimi ukakataa. Nilikuwa namwomba Mungu abariki kitu nilichokwisha kukitoa kwa mwingine, na wenye nacho wamefumba macho wakiniamini. Nikasema amina hapo hapo.

"Leo sala fupi kama ya mtu mwenye njaa," Kristina akasema. Wakacheka tena. Yeye hakucheka, ila nilikuja kuliona hilo baadaye.

Tulikuwa tumegeuza matuta machache gari likasimama juu barabarani. Bwana Joackim akashuka, akateremka taratibu akiokoa viatu vyake na matope. Nisimsingizie, ni mtu wa adabu. Alitusalimia mmoja mmoja, akaomba radhi kutukatiza.

Akaeleza kwamba eneo hili limetengwa kwa ajili ya kiwanda, kwamba hakuna mtu atakayedhulumiwa, na kila aliyekutwa analima siku ya ukaguzi ana fidia yake. Wale wa mashamba ya juu wameshaandikwa. Kwa hapa bondeni hakuna aliyeandikwa, kwa kuwa palikutwa patupu. Akatuomba tusipoteze mbegu zetu.

Togwa ikabaki kwenye vikombe.

Kristina akauliza, "Baba, nani alisema ni patupu?"

"Kamati ya kitongoji, mama."

Bwana Joackim hakunitazama. Alikuwa ananihifadhi, na kule kunihifadhi kulinichoma kuliko angeninyooshea kidole.

Kristina akaegemea jembe lake. "Basi hakuna neno. Wifi yangu huyu yumo kwenye kamati. Atakwenda kutusemea. Huyu hata kuku hamwiti na mkono mtupu, lazima awe na mtama ndani."

Wanawake wakaitikia, ndiyo, Mama Ronald atatusemea. Mmoja akanishika bega. Nikasema nitakwenda. Ndugu zangu, niliahidi kwenda kukanusha maneno ya mtu ambaye ni mimi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Kwa kawaida mimi humsaidia mchungaji kupanga watu. Siku hiyo nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na watu walipokwenda mbele sikuinuka. Andiko linasema ukiwa unaleta sadaka yako na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza mkapatane. Nililisikia tangu nikiwa mtoto. Sikujua lina uzito wa kumkalisha mtu chini.

Watu wakadhani naumwa. Waliniletea machungwa.

Siku mbili tatu baadaye Ronald alirudi nyumbani amevaa koti jipya la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa. Kampuni imemchukua. Kwanza atalinda eneo wanawake wasilime, mashine zikija ataingia upande wa umeme.

Nilitarajia atacheka, atanirusha juu. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu baba yake yupo. Lakini alilivua koti polepole, akalikunja, akaliweka kwenye kiti kama la mtu mwingine. Akaketi kula. Nikamwambia utakuwa umechoka.

Akasema ameanzia kwa shangazi yake kumpa habari. Nikamuuliza shangazi amesemaje. Akasema amempongeza.

Kisha akaniuliza, jicho kwenye sahani, "Mama, siku ile wanakagua bonde, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ilikuwaje?"

Mlango ulikuwa wazi, wasomaji wangu. Mtoto wangu mwenyewe amenifungulia na kunisogezea kiti. Nami nikamjibu, "Kulikuwa na nyasi tu."

Akatikisa kichwa. Akanawa mikono, akasema asante kwa chakula.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikafunga kitambaa changu cha umoja wa wanawake, nikapanda bajaji mpaka mjini, nikamtafuta bwana Joackim. Nikamkuta hotelini karibu na stesheni ya reli, anakunywa chai.

Nikamwambia neno nililosema lilikuwa kweli na halikuwa kweli. Nikamweleza vinyungu, mwezi kwa mwezi. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa.

Aliponijibu hakupandisha sauti. Akasema amezunguka nchi hii nusu yake akitafuta mahali kama pale. "Barabara kuu ya kwenda Zambia iko pale. Ya Njombe na Songea iko pale. Reli iko pale, na mto uko pale wa kuoshea matunda. Mungu amekwisha kujenga kiwanda, mama, bado kuta tu." Lakini wenye kampuni wanauogopa ugomvi wa ardhi kuliko wanavyoyaogopa mafuriko. Wakisikia eneo lina wenyewe walionyimwa, watafunga mikoba wahamie kwingine, na kwingine kupo.

Nikamuuliza, je, haiwezekani kuwaandika hawa wanawake sasa, na kiwanda kikajengwa.

Akafikiri. Akasema inawezekana ikiwa wenye kampuni watakubali kurudia ukaguzi. Wanaweza kukubali, wanaweza kuondoka siku hiyo hiyo. Yeye hawezi kusema kwa niaba yao. Wanakuja Alhamisi kuliona eneo.

"Siwezi kukuzuia," akasema. "Lakini ukisema, sema mbele yao na utaje kuwa ni wewe. Usiniachie mimi niseme, nitaonekana nilijua."

Niliporudi nilimpitia Hezekia, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na rundo la parachichi zilizokosa mnunuzi, nyeusi, zinatoa maji, nzi wamezivaa. Akanionyesha akasema, Mama Ronald, hizi ni za watu wote hawa majirani, kiwanda kikija hatutazika tena matunda kama maiti. Akanishukuru kwa ule ushahidi wangu. Alinishukuru mara mbili.

Nikaondoka na dhambi ya pande zote mbili. Nikinyamaza, namzika Kristina. Nikisema, huenda nazika kitongoji kizima, na Ronald wa kwanza.

Alhamisi asubuhi nilivaa gauni la kanisani na viatu vya kanisani, maana kamati ilitakiwa iwapokee wageni. Lakini niliamua, kabla ya mgeni yeyote, Kristina kwanza. Nikashuka bondeni kwa njia ya nyuma.

Nikamkuta peke yake kwenye matuta yake. Ana mbegu kwenye upande wa kanga, anatoboa kwa kidole cha mguu, anatupia, anafukia kwa kisigino. Alikuwa anapanda kana kwamba bikoni ni uyoga tu uliochipua.

Sikumsalimu. Nilijua nikianza na kamwene nitaishia kwenye habari za watoto.

"Wifi, ni mimi niliyesema hapa halimi mtu."

Akatoboa shimo. Akatupia mbegu. Akafukia.

"Najua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

"Nimekwambia najua, Emilia." Alikuwa hajawahi kuniita jina langu tangu nimeolewa. "Siku ile nilikuwa ng'ambo ya mto nakata milulu, yale majani ya kusukia vikapu. Mto ukijaa, sauti hutembea juu ya maji. Nilikusikia kama ulivyo hapo."

Nikamuuliza mbona hukusema miezi yote hii.

"Niseme kwa nani? Neno langu na lako, waamini lipi? Wewe ndiye mzee wa kanisa." Akainua uso. "Nilikuita kwenye mgowe. Nikakupa sala, nikasema huyu hataweza kumwambia Mungu uongo akiwa amekanyaga udongo wenyewe. Na kweli hukuweza. Ukasema amina ukakimbia."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisimlilie kwenye mbegu, zitaoza.

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha utakuja, yeye si jiwe, lakini leo hana. Leo ana shida nyingine. Hakikatai kiwanda, akasema. Parachichi zake nazo zinaoza kama za wengine, na yeye naye ana masikio ya kusikia faida. "Kije. Ila kisinikute mimi ni nyasi."

Nikamwambia nimekwisha kuonana na bwana Joackim, kwamba nitasema leo mbele ya wageni, nitataja jina langu. Kisha, kwa kuwa dhambi ina mizizi mirefu, nikaongeza kwamba naogopa kwa ajili ya Ronald, kwamba hajui lolote, atapoteza kazi bila kujua mama yake alifanya nini.

Kristina akanitazama. Ndipo huruma ikaingia usoni mwake, na huruma ile ilinitisha kuliko hasira.

"Ronald anajua. Nilimwambia siku ile aliyokuja na koti. Aliniuliza kwa nini silii kwa furaha, nikashindwa kumdanganya mtoto wa kaka yangu."

Siku ile aliyokuja na koti. Siku ile aliyoniuliza ilikuwaje, jicho kwenye sahani.

Mimi ninayejisifu kwamba naona kila kitu, sikuona mwanangu ananililia.

Nikauliza yuko wapi. Asubuhi alitoka kabla sijaamka, nikajua amewahi lindo. Kristina akanyoosha kidevu kuelekea mwisho wa kinyungu, kule penye nusu ile ya zamani, nusu ya fimbo.

Ronald alikuwa pale. Amevaa lile koti la rangi ya chungwa, suruali ameikunja mpaka magotini, anainua tuta. Alikuwa analima kwa nguvu kama anayechimba kisima. Jembe ni langu, nililitambua kwa mpini. Na pale kwenye mpaka wa matuta alikuwa amechomeka fimbo.

Nikamwita. Hakugeuka.

Nikaanza kumfuata nimtoe pale kabla hawajamwona. Nikiwa katikati ya nyasi nikasikia milango ya magari inafungwa juu barabarani. Sauti ya Hezekia, karibuni, karibuni sana. Wageni wakaanza kushuka, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye miwani, wameshika ramani, na bwana Joackim mbele yao akiwaonyesha reli kwa mkono, kisha barabara, kisha mto.

Mkono wake ulipofika mtoni ukasimama hewani.

Yule mama mwenye miwani naye aliona. Alitazama lile koti la kampuni yake, akatazama jembe, akatazama mistari ya matuta mabichi katikati ya bikoni zake. Akamnong'oneza bwana Joackim. Naye akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, nimesimama kwenye nyasi zile zile, mahali pale pale pa mwezi wa tatu.

Alikuwa amepauka. Nilimwonea huruma.

"Mama Ronald," akasema, "wageni wanauliza. Yule anayelima pale ni nani?"

Hezekia alikuwa ananitazama akitabasamu, ananingoja niseme lile neno langu moja. Kristina aliendelea kupanda. Ronald, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alisimamisha jembe, akageuka, akaniangalia.

Nikainama nikavua viatu vyangu vya kanisani, kimoja kimoja, nikavipanga juu ya nyasi. Udongo ulikuwa wa baridi. Wote wakaningoja, nami nikafungua mdomo nianze na jina langu.